Ukiunda tukio kwa EventBuilder, anza na methodi zake

Kazi nyingi za programu tunazopata hapa Kisumu ni za stoo, risiti na malipo ya simu, na C# ya kawaida inazimaliza bila jasho. Shida huja pale mteja anapoleta data ambayo umbo lake hulijui mpaka programu iwe imeshaanza kufanya kazi. Mimi nilikutana nayo kwenye skrini ya bei za samaki kwa wanunuzi wa Dunga. Huyu anataka mbuta kwa kilo, yule ngege na omena ya gorogoro, na kila mmoja ana kolamu zake. Tukaamua klasi zizalishwe programu ikiwa hewani, kwa kutumia System.Reflection.Emit, maktaba ya .NET inayounda klasi wakati programu inakimbia; EventBuilder ni kifaa chake cha kuunda matukio. Na kwa vile bei za samaki hazitulii, kila klasi ilihitaji tukio la kuwaarifu wanaosikiliza: BeiImebadilika.

Shika hili kabla hujagusa kibodi: tukio halina msimbo wake lenyewe. Wanaofanya kazi ni methodi mbili, ya kuongeza msikilizaji na ya kumwondoa, pamoja na fildi inayohifadhi delegeti, yaani kielekezi cha methodi zitakazoitwa tukio likitokea. Tukio ni maandishi tu kwenye metadata, yaani maelezo ya klasi yanayohifadhiwa pamoja na msimbo. Kwa mujibu wa ECMA-335, kiwango kinachoeleza muundo wa programu za .NET, jedwali la Event hubeba jina na aina ya delegeti, EventMap huliambatanisha na klasi yake, na MethodSemantics husema methodi ipi ni ya kuongeza na ipi ya kuondoa. Ni kama kibao cha Kisumu–Busia kwenye kioo cha matatu. Hakisukumi gari, lakini abiria asipokiona hapandi. Na abiria wenyewe ni kompaila ya C# na yeyote anayetumia refleksheni, yaani kusoma muundo wa klasi programu ikiwa inakimbia.

Dada mmoja wa Kakamega tunayefanya naye kazi aliniita mezani kwake. "Kaka, hebu ona. add_BeiImebadilika ipo, remove_ ipo, lakini GetEvent inanirudishia null."

"DefineEvent umeiita wapi?"

"Kwani si jina linaanza na add_?"

Kiambishi hicho ni desturi tu, hakiundi tukio, na GetEvent, inayotafuta tukio kwa refleksheni, haikuwa na cha kupata. Mistari iliyokuwa inakosekana ni hii (ongeza na ondoa ni zile methodi mbili):

EventBuilder tukio = klasi.DefineEvent("BeiImebadilika", EventAttributes.None, typeof(EventHandler));
tukio.SetAddOnMethod(ongeza);
tukio.SetRemoveOnMethod(ondoa);

Kosa la aina hii linaweza kujificha muda mrefu. Klasi yako ikitekeleza interfesi kama INotifyPropertyChanged, anayeita kupitia interfesi hiyo atafika kwenye methodi zako hata kama DefineEvent hukuiita kabisa, mradi methodi ni za umma, zina alama ya Virtual, na jina na saini vinalingana. Skrini inafanya kazi, unafurahi, halafu baadaye mtu anatumia refleksheni na haoni tukio lolote.

Basi anza na methodi. Zipe Public, HideBySig na SpecialName, zirudishe void, na zipokee parameta moja ya aina ya delegeti. Ndani ya methodi ya kuongeza, IL yake, yaani maagizo ya ngazi ya chini yanayotoka kwa kompaila, huenda hivi: ldarg.0, ldarg.0 tena, ldfld, ldarg.1, call kwa Delegate.Combine, castclass, stfld, ret. Wengi huiona ldarg.0 ya pili kama imerudiwa kwa bahati mbaya, wakaifuta. Usiifute. Moja inaliwa na ldfld inaposoma fildi, na nyingine inabaki chini ya steki (rundo la thamani za muda) ikisubiri stfld mwishoni. castclass nayo ipo kwa sababu Delegate.Combine hurudisha Delegate, ilhali fildi yako inataka EventHandler. Methodi ya kuondoa ni hiyo hiyo, ila unaita Delegate.Remove.

Kama thredi zaidi ya moja zinaweza kujiandikisha kwa wakati mmoja, hiyo haitoshi. Tangu C# 4.0 ya mwaka 2010, kompaila yenyewe huandika kitanzi cha Interlocked.CompareExchange, kinachojaribu tena iwapo thredi nyingine imeshabadilisha fildi, na wewe fanya vivyo hivyo.

Sasa, hakuna haja ya kutunga IL kutoka kichwani. Andika klasi moja ya mfano kwa C#, ikusanye (compile), kisha ifungue upande wa IL kwa ildasm au ILSpy, programu za kusomea IL. Utaona .event, na ndani yake .addon na .removeon. Nakili mpangilio huo. Mimi siamini IL yoyote ambayo sijailinganisha na ya kompaila, hata ikiwa imeandikwa na mtu ninayemheshimu.

SetRaiseMethod, inayotaja methodi ya kurusha tukio, iache, isipokuwa una sababu. C# haiandiki methodi hiyo kwa matukio yake. Tengeneza methodi ya kawaida ya kurusha tukio, na ukague null kwanza, maana kabla ya msikilizaji wa kwanza fildi haina kitu.

Maliza yote kabla ya CreateType, methodi inayokamilisha klasi. Ukishaiita, EventBuilder ukiigusa tena inakutupia InvalidOperationException. Pia usitarajie kuitumia kama EventInfo. MethodBuilder hurithi MethodInfo, lakini EventBuilder hairithi EventInfo, kwa hivyo chukua aina iliyorudishwa na CreateType, kisha uiulize GetEvent.

Kuhifadhi assembli (faili lenye klasi zilizozalishwa) kwenye diski kuliwezekana enzi za .NET Framework, kukakosekana .NET Core ilipokuja, na kumerejea kwa PersistedAssemblyBuilder katika .NET 9 ya Novemba 2024. Ukiwa nayo, hifadhi faili na uifungue kwa ILSpy kabla ya kumpelekea mteja. Na kama umbo la data unalijua kabla ya kukusanya programu, achana na Emit kabisa. Tumia jenereta ya msimbo inayofanya kazi ndani ya kompaila. Utaandika C# ya kawaida, na kompaila ndiyo itakayojaza hayo majedwali.