Kwa mnaoanza kuandika juu ya matabaka ya Hispania Mpya, koloni la Wahispania lenye kitovu Mexico

Wadogo zangu, nimemaliza kusoma rasimu zenu, na karibu zote zinafungua kwa piramidi ileile: Mhispania juu, mtumwa Mwafrika chini, machotara wamepangwa katikati. Nawapenda, na kwa hiyo sitawaachia.

1. Anzeni na kodi. Indio (mwenyeji asilia) na mulato (chotara wa Mhispania na Mwafrika) huru walidaiwa tributo, yaani kodi ya mfalme. Mhispania na mestizo (chotara wa Mhispania na indio) hawakudaiwa.

2. Picha za casta, yaani makundi ya watu kwa asili na mchanganyiko wao, si sheria. Najua zinavutia, zile seti za picha 16, kama alizochora Miguel Cabrera mwaka 1763: baba, mama, mtoto, na jina la mchanganyiko wao. Lakini ni sanaa ya karne ya 18, na nyingi zilivushwa bahari zikatazamwe Hispania. Majina kama "no te entiendo" ("sikuelewi") ni nadra mno katika rejista za ubatizo. Mnapoyanakili kama ngazi halisi, mnamfuta mtu aliyeishi, na hapo ndipo ninapoumia. Mfikirieni fundi viatu wa Mexico City. Mkusanya kodi akija, ana kila sababu ya kujitaja mestizo. Akishtakiwa kuoa wake wawili, heri awe indio, kwa kuwa tangu 1571 Inkwizisheni ya huko, mahakama ya makosa ya kidini, haikuwa na mamlaka juu ya indio. Karani naye anatazama mavazi, anasikiliza lugha, anauliza mashahidi, ndipo anaandika. Basi kila mkutanapo na neno "mestizo", ulizeni limeandikwa katika ofisi gani na nani alikuwa na la kupata au kupoteza. Tafadhali, ulizeni!

Wala msikimbilie upande wa pili mkaandika kwamba ubaguzi ulikuwa mwepesi. Mwaka 1795 Taji la Hispania lilitangaza bei ya kuondolewa hadhi ya pardo (mtu mwenye asili ya Kiafrika kwa sehemu): reali 500; kwa quinterón, ambaye asili hiyo kwake ni ndogo zaidi, reali 800. Hata kwa pesa hizo, baraza la mji wa Caracas, huko Venezuela, lililoshikwa na matajiri weupe, lilipinga kwa ukali. Na tangu 1778 wazazi katika makoloni waliweza kuzuia ndoa ya mtoto wao kwa madai kwamba mchumba si wa hadhi yao.

3. Mwafrika hakuwa mtumwa tu. Someni habari za Yanga na wenzake waliotoroka utumwani karibu na Veracruz, wakapigana hadi wakapata mji wao uliotambuliwa, San Lorenzo de los Negros. Tena msidhani wote walipitia Atlantiki: wapo waliotolewa Msumbiji, wakapelekwa Manila huko Ufilipino, wakashushwa Acapulco, bandari ya Mexico upande wa Pasifiki. Hao ni majirani zetu, na hakuna hata mmoja wenu aliyewataja.

4. Wekeni mwaka kila mnapotaja jina la casta. Rejista za Mexico baada ya 1822 hazipaswi kutaja casta, kwa amri ya serikali. Msiandike kwamba usawa ulianza hapo. Chukueni jina la ukoo, rudini kwenye vitabu vya zamani vya parokia ileile, kisha angalieni nani bado anamiliki shamba na nani bado anafanya kibarua.