Je, mafunzo ya kujitunza yanalipa kwa wazee wenye kisukari na presha?

Dada wa Kiborloni, mfikishie mama shikamoo yangu. Umeuliza kama kikundi chenu kigharimie mafunzo ya wiki 6 kwa wazee wenye kisukari na presha, au fedha hizo zibaki kwa ajili ya dawa na nauli ya kwenda hospitali ya Mawenzi.

Mpango maarufu wa namna hiyo, ulioanzia Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, hukutanisha washiriki saa mbili na nusu kila wiki, na wakufunzi mara nyingi ni wagonjwa wenzao walioandaliwa, jambo linalopunguza gharama. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba washiriki walijiamini zaidi na kupata nguvu, ingawa safari zao za kwenda kwa daktari hazikupungua. Kwa hiyo msitarajie gharama za matibabu kushuka. Mnachonunua ni afueni ya maisha, na kwa bei nafuu.

Marehemu baba yangu aliacha vidonge vya presha kila alipojisikia vizuri, akavitunza ndani ya kopo la majani ya chai kama akiba. Hakuwa mkaidi; hakuna aliyemweleza.

Dawa zikikosekana, anzeni nazo, kwani mzee hawezi kusimamia dozi asiyokuwa nayo. Zikipatikana, jaribuni na wazee kumi, mkiandika nauli, chai na posho ya mkufunzi, kisha mlinganishe vipimo vyao vya mwanzo na vya baada ya miezi 6.