Tandiko Likilowa, Usidhani Paka Amekojoa

Paka Tingatinga aliletwa kwenye makazi yetu ya wanyama baada ya kugongwa na gari, miguu ya nyuma imelala kama si yake. Jina alilipata siku ya tatu, alipojivuta kwa miguu ya mbele kuifuata sahani ya mwenzake, akisukuma kila kilichokaa njiani. Huu ni mwaka wa nne namhudumia. Watu waliookota paka aliyepooza hunijia na maswali: nepi ipi, kigari kipi cha kubebea miguu ya nyuma, alale juu ya nini. Kibofu hawakiulizi. Siwalaumu, hata mimi sikukiuliza.

Mwezi ule wa kwanza nilikuwa nakuta tandiko limelowa kila asubuhi, nafurahi. Nikajisemea, miguu imegoma lakini haja ndogo inatoka yenyewe, tumshukuru Mungu. Nikawa nafua na kuanika, nafua na kuanika. Wiki ya tatu akasusa chakula. Mkojo ukawa na harufu ya kitu kilichooza. Daktari wa mifugo akampima joto, nyuzi 40 na zaidi, wakati paka mzima huwa kwenye 38 hadi 39 na kidogo. Kisha akampapasa tumbo, akaniita: "Dada, lete mkono wako hapa." Mbele kidogo ya mapaja nikagusa kitu cha duara kilichokaza kama mpira uliojazwa upepo.

"Hicho ndicho kibofu. Kimejaa mpaka kinafurika. Wewe unafua kilichofurika, kilichobaki ndani ndicho kinachomuua."

Nilitamani sakafu inimeze. Uti wa mgongo ukiumia, paka anaweza asijue kabisa kwamba kibofu kimejaa, au akashindwa kukifungua. Kinaendelea kujaa, na kikizidiwa kinavuja matone. Mkojo unaolala humo unazaa bakteria, maambukizi yanaweza kupanda hadi kwenye figo, na kibofu kilichovutika muda mrefu hulegea kikashindwa hata kusinyaa. Dawa ilimtibu yale maambukizi. Kuyazuia yasirudi ilikuwa kazi ya mikono yangu.

Tangu hapo Tinga anakamuliwa kibofu mara tatu kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Namsimamisha amenipa mgongo, nyonga zake nimezibana kwenye kiwiko, vidole huku na kidole gumba kule, natafuta kile kiduara. Nikikipata nabana polepole, bila kuachia, nikielekeza nguvu nyuma kwenye mkia. Mkojo hutoka mstari mwembamba, unakatika, unarudi tena. Nasimama pale ninapohisi kimebaki kitu kidogo kilicholegea. Lakini usijifunze hili kwa kunisoma mimi. Daktari aushike mkono wako mara ya kwanza, na ya pili, na hata ya tano, mpaka vidole vyenyewe vijue. Mkojo ukikataa kutoka, usilazimishe. Paka dume mrija wake wa mkojo ni mwembamba na huziba kirahisi, na ukibana kibofu ambacho njia yake imeziba unaweza kukipasua. Hapo ni kukimbia kwa daktari saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Tunachokamua tunakitazama pia, na kukinusa. Kikiwa na ukungu, na wekundu, au harufu iliyobadilika, simu inapigwa.

Choo kikubwa hakisumbui sana. Chakula chenye majimaji kinasaidia, na mara nyingi kinatoka chenyewe wakati unakamua. Siku mbili zikipita bila kitu, usisubiri ya tatu.

Ngozi nayo ina mambo yake. Mkojo unaunguza. Manyoya ya mapajani na chini ya mkia tunayakata yawe mafupi, tunamsafisha kwa maji ya uvuguvugu, halafu tunamkausha, na hapa ndipo wengi wanapofanya haraka. Unyevu uliobaki kwenye mkunjo wa paja unatosha kuleta kidonda, naye hatalia, kwa sababu hapasikii. Nilishamkuta na ukucha wa nyuma uliojikunja ukaingia kwenye nyama ya kidole, anakula zake kwa amani. Miguu hiyo haikwaruzi kitu, kucha hazipungui, kwa hiyo nazikagua mwenyewe. Jambo lingine: kuna krimu za upele wa nepi za watoto zenye zinki. Usimpake. Atajilamba, na zinki ikiingia tumboni ni sumu.

Kigari tulitengenezewa. Tinga alikaa ndani yake kama amehukumiwa kifungo, hakupiga hatua hata moja. Kwenye sakafu laini anajivuta kwa kasi ya kunishinda mimi, basi kigari kikawekwa stoo. Saruji yenye chengachenga ndiyo tunamkataza, inamchuna.

Wageni wakimwona husikitika: masikini, si mngemwacha apumzike tu? Sipendi swali hilo, ila si swali la kijinga. Wapo tuliowaacha wapumzike, waliokuwa na maumivu yasiyotulia, waliogeukia ukuta wakakataa chakula. Tinga anaiba chakula cha wenzake na kulala juu ya faili zangu. Nikichelewa dakika kumi ananifuata hadi mlangoni akipiga kelele, na sidhani anakumbuka kwamba aliwahi kuwa na miguu minne inayofanya kazi.

Kama unataka kumchukua wa aina hii, jiulize kwanza nani atamkamua siku unayougua. Mtafute huyo mtu na umfundishe kabla paka hajaingia ndani. Sisi tuna daftari linaloning'inia mlangoni: saa, kiasi, rangi, nani amefanya. Wiki iliyopita nilisafiri siku mbili, nikamwachia kijana wetu mpya, usingizi ukanipaa njia nzima. Niliporudi nililifungua hata kabla sijavua viatu. Mwandiko mbovu, lakini kila mstari ulikuwepo, na wa mwisho ulisomeka: "Saa nne usiku. Mwingi. Safi. Kaning'ata."