Laptopu inaona waifai ya jirani, ya nyumbani haioni: je, kadi imekufa?

SWALI: Hujambo mwanangu. Mimi ni mkazi wa Raskazone, Tanga. Natunza hesabu za kikundi chetu cha VICOBA kwenye laptopu ya zamani, ThinkPad T42 yenye Windows XP, aliyoniachia mwanangu mkubwa. Tangu mjukuu afunge ruta mpya, laptopu inaona waifai ya jirani, lakini ya kwetu haionekani kabisa. Simu zetu zote zinaipata vizuri. Nimempelekea fundi, akasema kadi ya waifai imekufa. Akaweka nyingine, mashine ikaandika namba 1802 ikagoma kuendelea. Akairudisha ile ya mwanzo, na tatizo liko palepale. Je, niitupe?

JIBU: Shikamoo mama. Usiitupe, na usinunue kadi nyingine. Jibu umeshaliandika mwenyewe: laptopu inaona waifai ya jirani. Kadi iliyokufa haioni ya jirani wala ya mtu yeyote. Iliyokufa kweli mara nyingi hata haijitokezi kwenye orodha ya vifaa ndani ya kompyuta. Ya kwako inasikia, ila ruta mpya inazungumza mahali ambapo kadi hii haifiki.

Kwanza niimalize hiyo 1802, maana najua imekutia hofu. Hiyo si dalili ya ubovu. ThinkPad za miaka ile zina orodha ya kadi zinazokubalika, imeandikwa ndani ya BIOS, yaani ile programu inayoamka kabla ya Windows. Ukichomeka kadi isiyokuwemo kwenye orodha, hata kama ni nzima na mpya, mashine inasimama hapo hapo na kuonyesha namba hiyo. Laptopu nyingi za HP za kipindi hicho nazo zina zuio la namna hii. Ukiitoa kadi ngeni, mashine inawaka kama kawaida, kama ulivyoona. Fundi anayepokea laptopu za umri huu anapaswa kulijua hili kabla ya kumtoza mteja hela ya kadi.

Sasa tuje kwenye ruta. T42 zilitoka mwaka 2004, na nyingi zina kadi ya Intel PRO/Wireless 2200BG. Kadi hiyo inafanya kazi kwenye masafa ya GHz 2.4 peke yake. Ruta za siku hizi zina masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5. Kama mjukuu, kwa kutafuta kasi, ameacha GHz 5 tu ikiwa wazi, simu zitafurahi na laptopu yako haitaona kitu. Haitakuambia kuna waifai imeshindwa kuiingia. Kwake hiyo waifai haipo.

Kuna sababu ya pili ambayo mafundi wengi huipita. Hata ndani ya GHz 2.4 kuna njia nyingi, tunaziita chaneli. Laptopu zilizouzwa Marekani mara nyingi kadi zake zimefungwa kiwandani zisikie chaneli 1 hadi 11 tu, kwa sababu huko ndizo zinazotumika. Na laptopu nyingi za mtumba zinazotufikia zilianza maisha yake huko. Ruta inayoachiwa ijichagulie chaneli yenyewe inaweza kuangukia 12 au 13. Ikifika hapo, laptopu ya namna hiyo inakuwa kiziwi kwa waifai ya nyumbani huku ya jirani, iliyo chaneli 6 tuseme, inaipata bila shida. Halafu ruta ikizimika umeme ukakatika na kurudi, inaweza kuchagua chaneli nyingine, na waifai inatokea ghafla. Watu hudhani mashine ina mashetani.

Kabla ya kugusa ruta, fanya jaribio moja lisilo na gharama. Mwambie mjukuu awashe hotspoti kwenye simu yake, achague GHz 2.4 na ulinzi wa WPA2 (aina ya kufuli la neno la siri la waifai), aweke simu karibu na laptopu. Simu nyingi mpya zina chaguo hilo kwenye mipangilio ya hotspoti. Laptopu ikiiona, tumeshathibitisha kwamba kadi ni nzima.

Kisha aingie kwenye mipangilio ya ruta. Anwani yake huwa imebandikwa chini ya ruta yenyewe, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Awashe GHz 2.4 na kuipa jina lake tofauti na la GHz 5, ili usichanganyikiwe unatazama ipi. Chaneli aiweke 1, 6 au 11 kwa mkono, asiachie ruta ijichagulie. Na pale panapouliza aina ya mtandao achague mchanganyiko wa b, g na n, asichague n peke yake, kwa sababu kadi yako inaishia g.

Hapo jina litatokea. Likitokea halafu neno la siri likakataliwa ilhali ni sahihi, tatizo limehamia kwenye ulinzi. Ruta mpya nyingi hutumia WPA3, kufuli jipya zaidi ya WPA2, na kadi ya 2004 haiiwezi, wala hakuna draiva itakayoiwezesha. Hata ule mpangilio wa WPA2 na WPA3 kwa pamoja huzichanganya baadhi ya kadi za zamani. Awekee GHz 2.4 WPA2 tupu yenye AES, ambayo ni aina ya usimbaji. Asikuondolee neno la siri kabisa ili mambo yaende, nakuomba sana, maana mtaa mzima utaingia ndani ya mtandao wako. Na XP yenyewe iwe na Service Pack 3 ya mwaka 2008. Bila hiyo, WPA2 inahitaji kiraka cha ziada.

Mama, yote hayo yakikaa sawa, bado unaweza kukuta waifai imeshika na kurasa hazifunguki. Tazama saa pembeni mwa skrini. Betri ndogo ya saa, ile bapa kama sarafu, ikifa, tarehe inarudi miaka mingi nyuma, na tovuti salama zinakataa mashine inayodai tuko zamani. Rekebisha tarehe, ibadilishwe betri. Lakini pia XP imekwisha kuachwa: msaada wake ulikoma tarehe 8 Aprili 2014, na vivinjari vyake vya asili haviwezi usimbaji unaotakiwa na tovuti za leo. Kwa hiyo sipendi XP yenye hesabu za fedha za wenzako iende mtandaoni. Nakili hesabu zote kwenye flashi mbili, moja akae nayo mweka hazina, halafu mjukuu akuwekee mahali pa XP Linux nyepesi ya biti 32 kama antiX, yaani programu ya bure inayoendesha kompyuta kama Windows. Kadi yako Linux inaijua, inataka tu faili lake la ipw2200 liwepo. Kufungua hesabu zako kuna LibreOffice, inasoma mafaili ya Excel.

Ukitaka kuachana na kadi ya ndani, kipokezi kidogo cha waifai cha kuchomeka kwenye USB kinaweza kushika nafasi yake, na lile zuio la 1802 halikihusu. Kwa Linux tafuta chenye chipu ya AR9271 au RT5370. Ila navyo hivyo viwili ni vya GHz 2.4, kwa hiyo ile kazi ya kuifungua GHz 2.4 kwenye ruta haikwepeki.

Jambo moja la mwisho la kumuuliza fundi wako. Alipoitoa kadi alichomoa nyaya mbili nyembamba za antena zinazobanwa juu yake kama vifungo vya shati. Zisiporudishwa zikabana vizuri, laptopu inaona waifai iliyo karibu sana tu. Kumbuka waifai ya jirani ilikuwa na mistari mingapi kabla ya kwenda kwa fundi. Kama sasa imebaki mmoja, arudi azikaze nyaya hizo bila malipo. Na kwa kuwa uko Raskazone, upepo wa bahari wenye chumvi unakupiga mchana kutwa, akiwa ameshaifungua asugue taratibu meno ya dhahabu ya kadi kwa kifutio cha penseli, apanguse kwa spiriti safi, na asubiri ikauke kabisa kabla ya kuirudisha.