Mchungaji wenu na miaka kumi: jibu langu (refu kidogo, mnisamehe)

Bwana asifiwe ndugu. Umesema mchungaji wenu anafikisha miaka kumi hapo kanisani, kamati inataka kumnunulia suti na keki, na wewe roho inakusuta unaona haitoshi, unauliza mumfanyie nini zaidi. Mimi nimekuwa mweka hazina wa kanisa letu dogo hapa Busia, upande wa Uganda, miaka saba sasa, kazi yangu ya kila siku ni mitumba, kwa hiyo nitakueleza tu vile niliona na macho yangu, mambo ya theolojia waachie waliosoma kule chuo cha Mukono.

Ibada yetu ni ya Kiswahili kwa sababu hapa mpakani watu wamechanganyika, Wasamia, Waiteso, Wajaluo, Waganda wa biashara, ukihubiri Luganda peke yake nusu ya watu wanasinzia. Mchungaji tulikuwa tunampa shilingi elfu 40 za Uganda kwa wiki, ikipatikana. Isipopatikana tunamwambia Mungu atatoa, halafu tunaenda zetu. Na mimi ndiye nilikuwa naandika kwa kitabu, nafunga, narudi nyumbani kupika, sijawahi kukaa chini nipige hesabu elfu 40 na watoto wanne, mmoja yuko bodingi, inafika wapi.

Ikaja 2020. Mwezi wa tatu serikali ikafunga makanisa na misikiti, mpaka wa nchi ukabaki wa malori ya mizigo tu, sisi wa mitumba tukabaki kuangaliana. Kanisa likifungwa na sadaka imefungwa, tusidanganyane. Yalikuja kufunguliwa mwezi wa tisa, tena watu 70 tu ndani, na mwaka uliofuata yakafungwa tena. Sasa siku moja katikati ya hiyo shida nilikuwa nimeenda kutafuta mihogo, nikamkuta mchungaji wangu kwa shamba la mtu analima kibarua, miguu peku, shati limelowa. Yeye hakujificha, mimi ndiye nilitafuta pa kuweka uso. Akaegemea jembe akaniuliza, "Mama, kile kifua cha mtoto kilipona?" Jamani, hicho kifua nilikuwa nimemtajia kwa simu wiki tatu nyuma, hata mimi nilikuwa nimeshasahau kama nilimwambia.

Baadaye ndio tukajua kwamba jioni akitoka kulima alikuwa anazunguka nyumba za watu kwa miguu, anasimama nje ya mlango anaomba, anaenda nyingine. Na mazishi ya wakati ule mnayajua, watu wachache na woga mwingi, yeye alizika hata wasio wa kanisa letu.

Mwisho wa mwaka presha ikamwangusha. Wazee tukakaa, na hapa naona aibu kuandika lakini wacha niandike, tukabishana karibu saa mbili kama pesa ya mabati ya paa la kanisa inaweza kulipa hospitali. Mabati! Tukiwa bado tunabishana akaingia mwenyekiti wa stage ya boda, yeye ni Muislamu, na kavera, mfuko wa plastiki, ya noti zilizokunjwa, akasema huyu mzee alimzika kijana wetu siku ambayo hata ndugu zake waliogopa kushika jeneza, sisi tumechanga, chukueni. Akaweka mezani akatoka. Hakuna mtu aliongea mabati tena siku hiyo.

Kwa hiyo nikirudi kwa swali lako. Sisi tulianza na mshahara unaojulikana, unatoka wa kwanza kabla ya spika na kabla ya mabati. Ada ya watoto tulikuwa tunapeleka shuleni moja kwa moja kabla term haijafunguliwa, mara tatu kwa mwaka, maana ukimpa mkononi akikutana na mjane njiani imeisha. Jumatatu simu yake alikuwa anakaa nayo mzee mmoja, ye apumzike. Hiyo ya simu ilileta kelele kuliko zote, watu walisema mchungaji gani ana likizo. Posho (unga wa ugali) na maharage kwa zamu za seli, yaani vile vikundi vidogo vya kanisa, ilienda vizuri miezi kama minne ikafa, seli moja ilikuwa inaleta maharage yenye wadudu, sitasema ni ipi.

Kitu kikubwa tulichochelewa ni nyumba. Ile aliyokuwa analala ilikuwa ya kanisa, siku akistaafu angetoka na godoro, nimeona wachungaji wazee huku wanarudi kuomba chumba kwa shemeji zao. Tukatafuta kiplot nje ya mji, kwa jina lake na la mkewe, na tangu sheria ya NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, ibadilishwe 2022 mtu anaweza kuweka akiba yake kwa hiari hata bila mwajiri, tukawa tunamwekea kidogo kidogo. Na muulizeni mama mchungaji peke yake, bila bwana kukaa hapo, mtasikia mambo mapya.

Ila angalieni kitu kimoja. Kwetu mzee aliyechanga nyingi alianza kumwambia mchungaji ahubiri nini na asimguse nani. Tukamrudishia pesa yake. Ilituuma lakini tulirudisha.

Umeuliza pia kama hii kazi inaacha kitu kweli, maana kanisa lenu halijakua. Apolo Kivebulaya, Muganda wa watu, alivuka kutoka Toro, magharibi ya Uganda, akaenda kuhubiri Boga, upande wa Congo, mwaka 1896, akafa huko 1933 akazikwa huko huko, na Waanglikana wa Congo mpaka leo wanataja chanzo chao hapo. Wakati anaishi ungemkuta mzee tu na watu wake wachache kando ya msitu. Mchungaji wetu huyo alihamishwa mwaka juzi. Nikipita stage bado wananiuliza, "Mzee wetu anaendeleaje?" Wanasema wetu, na hawajawahi kukaa kwenye benchi letu hata Jumapili moja.

Suti nunueni, si mbaya. Lakini mpimeni kwanza, sisi tulikisia, mpaka leo anaivaa kijana wake.