Maswali ya Wasomaji: Kivinjari Kinachoanguka Ndani ya Kontena

SWALI: Mhariri, mimi ni mhandisi wa programu jijini Dodoma. Majaribio ya tovuti yetu tunayaendesha kwa Selenium, programu inayokiendesha kivinjari yenyewe, na katika kompyuta yangu ya Linux, ambako Chrome haimo ndani ya kontena (kifurushi kinachoiendesha programu ikiwa imetengwa na nyingine), yote hufaulu. Tangu tuyahamishie kwenye AWS Fargate, huduma ya Amazon ya kuendesha makontena bila kusimamia seva, kwa makontena ya Selenium Grid, mfumo wa kugawa majaribio kwa mashine kadhaa, baadhi hukatika katikati kwa ujumbe kwamba kipindi (session) kimefutwa kwa sababu ukurasa umeanguka. Tumeiongezea kontena kumbukumbu maradufu bila nafuu yoyote. Tatizo ni nini? Pia, je, ni salama kuuacha mlango (port) wa Grid wazi kwenye intaneti ili wenzangu walioko Mwanza waufikie?

JIBU: Ndugu msomaji, kumbukumbu mliyoiongeza siyo iliyopungua. Chrome hugawa kazi zake kati ya michakato mingi, nayo michakato hiyo hupeana data kupitia kumbukumbu ya pamoja, ambayo katika Linux hukaa kwenye saraka ya /dev/shm. Katika kompyuta yako saraka hiyo kwa kawaida huruhusiwa kufikia nusu ya kumbukumbu yote ya mashine, ilhali Docker, programu ya kuendesha makontena, kwa kawaida huipa kila kontena megabaiti 64 tu, hata kama kontena yenyewe imepewa gigabaiti nyingi. Ukurasa mwepesi hupita. Ukurasa wenye picha kubwa na hati nyingi za JavaScript huijaza nafasi hiyo, na kichupo huanguka. Ndiyo maana yanakatika baadhi ya majaribio na si yote, jambo linalowafanya wengi waulaumu mtandao au msimbo wao bure.

Kwenye seva mnayoisimamia wenyewe, dawa ni kuiwasha kontena kwa --shm-size=2g, na katika Kubernetes, mfumo wa kusimamia makontena mengi, huwekwa hifadhi ya muda ya emptyDir iliyo ndani ya kumbukumbu, ikapachikwa kwenye /dev/shm. Fargate haikubali mpangilio wa ukubwa wa kumbukumbu ya pamoja, kwa hiyo kwenu njia rahisi ni kuianzisha Chrome kwa kigezo cha --disable-dev-shm-usage, ili mafaili hayo yaandikwe kwenye /tmp.

Mkisharekebisha hilo, angalieni pia idadi ya vipindi. Makontena rasmi ya Selenium huruhusu kipindi kimoja kwa kila kontena, na ningewasihi msikiongeze kikomo hicho: mkihitaji kasi, ongezeni makontena. Hakikisheni vilevile kwamba kila jaribio, hata lililoshindwa, linamalizika kwa amri ya quit, kwa kuwa kipindi kilichoachwa hushikilia nafasi hadi sekunde 300 zipite bila amri yoyote, na wakati huo majaribio mengine yanasubiri foleni huku mkilipia muda wa seva.

Kuhusu mlango wa Grid, yaani 4444, jibu langu ni hapana, tena naomba muufunge leo hii. Kwa mpangilio wake wa awali Grid haimwulizi mtu jina wala nywila; anayeufikia mlango huo anaweza kufungua kipindi na, kwa kupitia mipangilio ya Chrome, hata kuiamuru mashine iendeshe programu anayoitaka yeye. Hatari hii si ya kufikirika. Mwezi Julai 2024 kampuni ya usalama ya Wiz ilieleza jinsi wavamizi walivyokuwa wakizitumia Grid zilizoachwa wazi kupachika XMRig iliyofanyiwa marekebisho, programu ya kuchimba sarafu ya Monero, huku gharama ya umeme na mashine ikiwaangukia wenye seva. Fanyeni hadhari hiyo hiyo kwa mlango wa 7900 wa kutazamia kivinjari kinavyofanya kazi, kwani nywila yake ya awali inajulikana na kila aliyesoma maelezo ya Selenium. Iwekeni Grid katika mtandao wa faragha, kisha wenzako wa Mwanza waingie kwa VPN (njia salama ya kuufikia mtandao wa ndani) ya kampuni, na kanuni za ngome ya mtandao (firewall) ziruhusu anwani za VPN hiyo na za mashine inayoendesha majaribio peke yake.