Barua kwa mwanangu: wateja wako wako kwa watu unaowajua

Mwanangu,

Salaam aleikum. Huku Bombo sisi wazima, baba yako anakusalimu, na lile goti lake limepoa kidogo. Umesema umenunua vyombo vya ofisi iliyofungwa hapo Arua, meza, viti vya magurudumu, makabati ya chuma na friji mbili, umevirundika katika chumba cha kupanga na mwezi unakatika. Ndugu na marafiki umewaambia wote, na wote wamekujibu "tutaangalia". Sasa unaniuliza wateja utawatoa wapi, au ufungue duka.

Duka usifungue. Kodi ya duka itakula meza zako moja baada ya nyingine, na mteja wa kabati la chuma hapiti barabarani akilitafuta kwa macho.

Tatizo ninaloliona ni kwamba kila unayempigia simu unamtaka anunue yeye. Binamu yako hana haja na kiti cha magurudumu, ila anaona haya kukwambia, ndiyo maana anasema ataangalia, kisha simu zako anaziacha zilie. Mbadilishie swali. Muulize: nani unayemjua anahama nyumba, anafungua duka la dawa, anaanzisha shule ya watoto? Swali hilo halimtoi hata shilingi, na binadamu tunapenda kuonekana tunajua watu. Atakutajia jina hapo hapo.

Wewe umekulia karibu na kambi ya jeshi hapa Bombo, kwa hiyo umeona mwenyewe. Ukija uhamisho, mke wa askari anaacha kitanda, kochi na sufuria kubwa, na wiki hiyo hiyo familia nyingine inaingia na mabegi tu. Mimi nilikuwa nikivinunua vyombo hivyo na kuviuza, na sijawahi kubandika tangazo mlangoni. Nilikuwa na urafiki na wenye nyumba za kupanga na yule mama wa chapati karibu na geti, kwa sababu wao hujua nani anaingia kabla mizigo haijashushwa. Kazi yangu ilikuwa kuwapitia, kuwajulia hali, na kukumbuka nani ameniambia nini. Siku nyingi sikuuza chochote, nilikunywa chai tu. Hiyo nayo ni kazi, usiidharau.

Sasa mtu wako wa kwanza hapo Arua ni fundi wa friji. Tangu bajeti ya 2009 serikali ya Uganda ilikataza kuingiza friji na televisheni zilizotumika kutoka nje, kwa hiyo anayetaka friji kuukuu anategemea zilizokwisha kuwa humu nchini. Na sasa huko kwenu West Nile kumeunganishwa na umeme wa taifa, wenye vioski na wauza samaki wanazitamani. Lakini mnunuzi wa friji ana hofu moja: isije ikafa baada ya wiki. Neno lako halimtoi hofu hiyo, wewe ni muuzaji. Neno la fundi ndilo atakalolisikiliza. Mwite fundi anayeaminika mtaani, mlipe aikague, na kama kompresa inanguruma au mpira wa mlango umelegea, aseme hivyo hivyo mbele ya mteja. Usimwombe akufichie. Akikufichia mara moja, hutapata mteja mwingine kupitia kwake, na yeye ndiye anayeingia kila nyumba yenye friji.

Akikuletea mteja, kamisheni yake mpe siku ile ile, na ukimtumia kwa simu ongeza na ya kutolea. Watu wanakumbuka sana hiyo ya kutolea. Mkubaliane kiasi mapema, lakini ulipe baada ya mauzo. Madalali wa nyumba na vijana wa bodaboda wa steji yako wafanyie vivyo hivyo.

Halafu wape kitu wanachoweza kukibeba kichwani. Ukisema "nina vitu vizuri vya ofisi, bei poa", nani atakumbuka? Sema: kabati la chuma, droo nne, funguo zipo, mgongoni lina kutu kidogo, bei ni hii. Kitu kimoja kwa mtu mmoja. Mhasibu wa shule mwambie kabati, mwenye saluni mwambie viti, na picha upige mchana, uonyeshe na huo mkwaruzo.

Wafanyabiashara wa Ariwara wanaovuka kutoka Kongo usiwaache. Kiswahili chako kinakufaa kwao kuliko Kiingereza cha shuleni. Ila wao walipe taslimu kabla mzigo haujapakiwa, maana deni likivuka mpaka wa Vurra hutaliona tena. Na ndugu wa hapa nao wasikupe la "nitakulipa mwisho wa mwezi". Anayetaka kweli aweke arbuni, na mzigo ubaki kwako mpaka amalize.

Makaratasi ya ofisi iliyokuuzia unayo? Yatoe nakala. Mtu akiona friji nzuri kwenye chumba cha kupanga, wazo la kwanza ni kwamba imeibwa. Mwenyekiti wa LC1, lile baraza la kijiji au mtaa, ajue unafanya nini, na kila mauzo makubwa yaandikiwe makubaliano, mashahidi watie sahihi, na nakala za vitambulisho ziambatanishwe. Mwenyekiti akikuandikia barua ya utambulisho ndiyo vizuri zaidi.

Kuhusu kuongeza mivumba, yaani nguo za mitumba, subiri kwanza. Rais alipotangaza kule Mbale mwaka 2023 kwamba ameipiga marufuku, wauzaji wa soko la Owino, Kampala, walishtuka, na ingawa nguo bado zinauzwa, sipendi uanze jambo jipya na meza zikiwa bado zimelala hapo.

Kabla ya Ijumaa mpigie shangazi yako Koboko. Anajuana na walimu wa kule, na nimesikia kuna shule inayopanua ofisi. Usimwombe anunue. Mpe vipimo vya yale makabati, urefu na upana, na umuulize gari la mizigo la kwenda Koboko linatoza kiasi gani, ili bei utakayomtajia mwalimu mkuu iwe na usafiri ndani yake.

Mama yako